Redio kaseti kuukuu ikizimika, chunguza umeme kwanza

Mafuriko ya Mto Tana yalipoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi Novemba 2023, umuhimu wa redio ulidhihirika upya. Hata hivyo, redio kaseti za miaka ya 1980 hutupwa kwa hitilafu ndogo zinazoweza kurekebishwa.

Ikiwa redio hulia kwa umeme wa ukutani lakini si kwa betri, chunguza springi, kwani betri zikivuja huota kutu. Zisugue kwa msasa. Betri sita mpya hutoa volti 9. Kasoro ikiendelea, huenda swichi iliyo ndani ya tundu la waya imekwama. Chomeka na uchomoe waya huo mara kadhaa, upande wa pili ukiwa haujaunganishwa na umeme.

Ikiwa hulia kwa betri pekee, shuku waya, fyuzi, transfoma au dayodi. Mvumo mzito kwenye spika huashiria kapasita iliyochakaa.

Tahadhari: volti 240 huua. Chomoa waya ukutani kabla ya kufungua redio, na kamwe usitie kipande cha waya mahali pa fyuzi, kwani nyumba huweza kuteketea. Asiye na mita ya kupimia umeme na amwachie fundi.