Vitabu Vichache, Darasa Kubwa: Mwalimu Afanyeje?

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kitabu kimoja cha kiada hutumiwa na wanafunzi kadhaa. Ziko shule ambazo huvifungia vitabu hivyo kabatini visije vikapotea, na mwalimu hulazimika kuandika maelezo ubaoni ili wanafunzi wayanakili. Desturi hii yafaa ichunguzwe, kwani katika kipindi cha dakika 40 mkono wa mwanafunzi waweza kufanya kazi muda wote, hali akili yake imelala.

Yatupasa kwanza tujiulize: je, vitabu pekee vingetosha? Mnamo mwaka 1996 ulianza uchunguzi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya, ambako shule za msingi 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Wataalamu Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha matokeo yake mwaka 2009. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu mwanzo. Sababu mojawapo ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu. Hii haina maana kwamba vitabu havina thamani. Maana yake ni kwamba kitabu humfaa yule awezaye kukisoma na kukielewa. Basi kazi ya kwanza ya mwalimu ni kueleza maneno magumu kabla ya kitabu kufunuliwa.

Kazi ya pili ni kuwazoeza wanafunzi kukumbuka. Mwaka 2006, nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Baadhi ya habari walizisoma mara mbili. Nyingine walizisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya wiki moja, waliikumbuka asilimia 56 ya habari walizojaribu kuzikumbuka, na asilimia 42 tu ya zile walizozirudia kusoma.

Jambo hili ni la manufaa makubwa kwa shule yenye upungufu. Tuseme darasa lina wanafunzi 45 na vitabu 9. Wagawanywe katika vikundi vya watu watano. Mmoja asome aya kwa sauti, kitabu kifungwe, kila mmoja aandike anayoyakumbuka, kisha wakifungue tena na kusahihishana. Kitabu hutumika kwa dakika chache, lakini wote watano wamejifunza.

Kazi ya tatu ni kuyatumia mazingira. Chukua jiwe dogo, ulifunge kwa uzi, ulitundike hata urefu kutoka kitundikio hadi katikati ya jiwe uwe sentimeta 100. Livute kidogo kando, uliachie, na wanafunzi wahesabu safari 20 za kwenda na kurudi. Zitachukua sekunde 40 hivi. Sasa waambie kwamba uzi utafupishwa kuwa sentimeta 25, nao wabashiri muda kabla ya kupima. Huenda wengi wakasema sekunde 10, kwa kuwa urefu umekuwa robo. Saa itaonyesha sekunde 20: urefu umekuwa robo, bali muda umekuwa nusu. Hapo ndipo kitabu kifunuliwe, kwa maana sasa wanafunzi wana swali linalotaka jibu.

Njia hizi haziondoi wajibu wa serikali na wazazi wa kuzipatia shule vitabu vya kutosha. Hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha pili mwaka huu hawezi kungojea vitabu vya mwakani. Kitabu kilichochakaa kwa kupitia mikono mingi kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kabatini hakijamfundisha mtu.