Barabara ya Morogoro: Mlango wa Dar unaozidi kuhamia bara

KWA msafiri wa Bujumbura, Kigali au Goma anayekwenda Dar es Salaam kwa basi, jiji lile lina mlango mmoja tu, nao ni Barabara ya Morogoro. Uvuke mpaka Rusumo au Kabanga, ulale njiani Kahama au Singida, mwisho utafika Chalinze, kisha Kibaha, na kutoka hapo basi lako halina njia nyingine ya kukuingizia mjini.

Wenzetu wengi wanaijua barabara hii kwa vituo vyake tu: hapa panashukwa, pale pana lojing'i ya bei nafuu, kule wanauza vyombo. Historia yake haisimuliwi sana, ingawa inagusa mifuko yetu. Kwa maoni yangu inaweza kusimuliwa kwa swali moja: mgeni anashukia wapi?

Barabara inaanzia karibu kabisa na bandari, Sokoine Drive, inakata mtaa wa Samora na kufika Kisutu. Mbele kidogo, penye Barabara ya Bibi Titi Mohamed na chuo cha ufundi cha DIT, ndipo ulipoishia mji wa Wazungu na Waasia enzi za mkoloni. Waingereza waliacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mji huo. Anayetoka bara alikuwa anakaribishwa upande wa pili wa uwanja, si huku.

Baada ya uhuru barabara ilipata kazi kubwa kuliko ya kuunganisha mitaa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na bidhaa zake kusini, ikajikuta imebanwa. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka bandari ya Dar kwenda Zambia. Kipande kirefu cha njia hiyo kilikuwa vumbi na matope, na ajali zilikuwa nyingi mno hata ikapachikwa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970, na lami ikawekwa. Tangu hapo mazoea ya nchi zisizo na bahari kuitegemea barabara hii hayajaisha, na sisi tumo.

Mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Mimi nimekulia Ulyankulu, katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, na neno Urafiki nililijua kutoka kwenye kitenge cha mama kabla sijajua kwamba kuna mtaa na barabara. Warundi wengi waliokulia Katumba na Mishamo bila shaka watanielewa.

Turudi kwenye swali letu. Zamani mabasi ya bara yaliegeshwa Kisutu, katikati ya mji. Ukishuka na mzigo wako, Kariakoo unaiona. Kisha yakahamishiwa Ubungo, kama kilomita nane kutoka mjini. Kwa miaka ya 2000 yote, kusema "nimefika Dar" kulikuwa na maana ya Ubungo: wapiga debe wanaong'ang'ania begi lako, makuli, teksi za bei ya kukisia, na nje ya geti daladala za Kariakoo. Palikuwa na vurugu, lakini palikuwa na faida moja kubwa. Makutano ya Ubungo ndipo Barabara ya Mandela, inayotoka bandarini, inapokutana na ya Morogoro, hivyo abiria, lori la transiti na mzigo vyote vilipita mahali pamoja. Foleni ya mataa yale iliweza kula saa mbili. Nakumbuka mwaka 2004 mama mmoja wa Ngozi aliyekaa kiti cha pembeni aliniambia, "Mwanangu, usivae viatu bado."

Upanuzi ulikuja na gharama. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilibomoa nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilizosemekana kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, takribani mita 121 kila upande kutoka katikati. Nyumba ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na wenyewe wakabomolewa bila fidia, wengine wakiwa wameishi hapo miaka mingi. Hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo lilimegwa. Mimi siwezi kuipita Kimara nikaona zile njia nane bila kukumbuka kuta zile.

Februari 24, 2021 Rais John Magufuli alizindua vitu viwili kwa siku moja: daraja la ghorofa la Ubungo, lililopewa jina la Balozi John Kijazi aliyekuwa amefariki wiki moja kabla, na kituo kipya cha mabasi Mbezi Luis. Foleni ya mataa ikapungua. Lakini mgeni sasa anashukia zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini.

Kwa asiye na mzigo si neno. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana tawi linaloingia mtaa wa Msimbazi penye Fire na kukuacha Gerezani, mlangoni mwa Kariakoo. Angalizo ni bonde la Jangwani: mvua kubwa zikinyesha mto Msimbazi hufurika na barabara hufungwa. Ukisafiri msimu wa masika, jipe siku moja ya ziada.

Mwenye marobota ya mitumba ndiye anayeumia, maana mwendokasi si gari la mizigo. Kukodi gari dogo toka Kariakoo hadi Mbezi ni gharama ambayo zamani za Kisutu haikuwepo, nayo lazima iingie kwenye bei unayouzia Kayanza.

Treni ya kisasa ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 na baadaye Dodoma, imegeuza mambo kidogo: yenyewe inafika katikati ya mji. Wapo wenzetu wanaoshuka basi Dodoma na kumalizia kwa treni.

Kwa upande wa makontena, mlango nao umeanza kuhama. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa Julai 2025, na Burundi, Rwanda na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizotengewa eneo humo. Kabla hujamlipa wakala, muulize mzigo utachukuliwa Dar au Kwala, na nauli ya lori mkubaliane kuanzia hapo.