Kadi Nane Kati ya Sitini

Katika karata za barazani wote mnagawiwa kutoka pakiti moja yenye karata 52, kwa hiyo anayelalamika huilalamikia bahati. Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, haumpi mtu nafasi hiyo ya kujitetea. Kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe: kadi zisizopungua 60, pamoja na akiba isiyozidi kadi 15 za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza. Ukiacha ardhi za msingi, haruhusiwi kuweka zaidi ya nakala nne za kadi yoyote. Sehemu kubwa ya mashindano, basi, huamuliwa kabla kadi hazijachangwa: nani kaja na fungu gani, na alikisia wenzake watakuja na nini.

Mafungu hupanda na kushuka. La kasi likitamba wiki hii, wiki ijayo watu huja na viumbe wa kuzuia. Wazuiaji wakizidi, hutokea mtu na fungu lisilojali viumbe kabisa. Huo ndio mzunguko wenye afya, na hauna mengi ya kuchambua. La kuchambua ni pale mzunguko unapogoma. Umegoma mara kadhaa katika historia ya mchezo huu, lakini kisa kinachoonyesha sababu zake waziwazi kuliko vingine ni cha miezi ya kwanza ya 2016, ambacho wachezaji hadi leo hukiita majira ya baridi ya Eldrazi.

Kwanza tuelewane kuhusu mana. Kila kadi ina gharama yake, na gharama hulipwa kwa mana inayotolewa na ardhi. Kwa kawaida unashusha ardhi moja tu kila zamu, na ardhi moja hutoa mana moja. Zamu ya pili una mana mbili, ya tatu tatu, na kuendelea. Wabunifu wa kadi hupanga bei zote wakiitegemea ngazi hiyo. Kiumbe wa mana nne anaruhusiwa kuwa mkali kwa sababu hatarajiwi kufika kabla ya zamu ya nne. Ukipata njia ya kuruka ngazi mbili, kila kadi iliyomo katika fungu lako inakuwa imeuzwa kwa bei ya chini kuliko inavyostahili.

Mwaka 2010 zilitolewa ardhi mbili za namna hiyo. Eldrazi Temple hutoa mana mbili badala ya moja, mradi zitumike kwa viumbe wa kabila la Eldrazi wasio na rangi. Eye of Ugin haitoi mana hata moja, ila hupunguza gharama ya kila Eldrazi asiye na rangi kwa mana mbili. Wakati ule hakuna aliyeogopa. Eldrazi wa 2010 walikuwa majitu: Emrakul aligharimu mana 15, Ulamog 11, Kozilek 10. Kumpunguzia mtu mbili kwenye 15 ni hisani ndogo. Kumpunguzia mbili kwenye mbili ni kumpa bure, na hapo ndipo balaa lilipokaa likisubiri.

Lilisubiri karibu miaka sita. Modern, mfumo wa mashindano ulioanzishwa mwaka 2011, huruhusu kadi kuanzia toleo la Eighth Edition la 2003 na kuja mbele, kwa hiyo kadi za zamani hukutana na mpya bila kuombana ruhusa. Januari 2016 lilitoka toleo la Oath of the Gatewatch, na ndani yake walikuwamo Eldrazi wadogo na wa kati. Eldrazi Mimic hugharimu mana mbili. Thought-Knot Seer nne. Reality Smasher tano.

Sasa fuata mkono mzuri ulivyokwenda. Zamu ya kwanza: Eye of Ugin, na Mimic wawili bure. Zamu ya pili: Eldrazi Temple inatoa mana mbili, zinazotosha kumleta Thought-Knot Seer, mwenye nguvu nne, anayeingia akichungulia mkono wa mpinzani na kuiondoa kadi moja isiyo ardhi. Mimic huiga ukubwa wa kiumbe mwingine asiye na rangi anapoingia, basi wawili wale wanashambulia wakiwa na nguvu nne kila mmoja. Pigo la nguvu nane. Zamu ya tatu: ardhi ya kawaida inaongeza mana ya tatu, anashuka Reality Smasher mwenye nguvu tano, naye hasubiri zamu ijayo ili kushambulia. Mimic wanakuwa na nguvu tano kila mmoja, Seer anaongeza nne zake. Jumla ya zamu hiyo ni 19. Mpinzani huanza na uhai wa 20, na nane zilikwisha kuondoka. Wizards wenyewe walikuwa na msimamo wa wazi kwamba fungu la daraja la juu katika Modern lisiwe linashinda mara kwa mara kabla ya zamu ya nne.

Msomaji mkali atasema huo ni mkono wa ndotoni. Ni kweli kwa mkono wote, lakini nusu yake tu ilitosha kumbana mtu, na nusu hiyo ilikuja mara nyingi mno. Hesabu yake haina siri. Ukiweka nakala nne za ardhi moja kati ya kadi 60, uwezekano wa kuiona angalau moja katika kadi saba za mwanzo ni asilimia 40. Ukiwa na ardhi za aina mbili zinazofanya kazi inayofanana, nakala nane kwa jumla, uwezekano unapanda hadi asilimia 65. Fungu linalopata mwanzo wake wa ajabu mara mbili katika michezo mitano linaweza kuvumilika. Linaloupata karibu mara mbili katika kila mitatu, na bado lina nafasi ya kurudisha mkono mbaya na kuvuta mwingine wenye kadi pungufu, hilo limeacha kubahatisha.

Mashindano ya Pro Tour yalifanyika Atlanta mwanzoni mwa Februari. Kabla yake watu walikwisha kuyaona mafungu ya Eldrazi, lakini yalikuwa ya taratibu, yakitegemea viumbe wanaotumia kadi za mpinzani zilizoondolewa mchezoni. Timu chache za wachezaji wa kulipwa, zikifanya mazoezi faraghani, ziliacha utaratibu huo na kukimbilia kasi. Ziliingia ukumbini zikiwa sehemu ndogo ya washiriki. Walipobaki wanane, sita walikuwa na Eldrazi. Wawili waliosalia walicheza Affinity. Jiachen Tao wa Marekani alimshinda Ivan Floch wa Slovakia katika fainali, wote wawili wakiwa na Eldrazi.

Hapa tahadhari kidogo. Raundi sita kati ya 16 za Pro Tour ile hazikuwa za Modern bali za kujenga fungu papo hapo kwa kadi mpya, kwa hiyo nane bora hawapimi nguvu ya fungu peke yake. Ndiyo maana mimi huangalia zaidi yaliyotokea baadaye: mwezi Machi, mashindano ya Grand Prix ya Detroit, Bologna na Melbourne yalipofanyika wikiendi moja, Eldrazi walikuwa kila upande wa ukumbi, ingawa dunia nzima ilikuwa imepata mwezi mzima wa kuwatafutia dawa.

Kwa nini dawa haikutosha? Chukua mfano wa kubuni. Tuseme umejenga fungu la kuwawinda Eldrazi, linalowashinda kwa asilimia 60. Kwa kuwa umelijaza kadi za kazi hiyo moja, dhidi ya mafungu mengine linashinda kwa asilimia 40 tu. Eldrazi wakiwa asilimia 30 ya ukumbi, wastani wako ni 46: umejichimbia shimo. Utafikia nusu kwa nusu pale tu Eldrazi watakapokuwa nusu ya ukumbi. Maana yake, mwindaji halipwi mpaka windo liwe limeshaharibu shamba zima. Wengi walipiga hesabu hiyo, hata bila kalamu, wakaamua afadhali wawe Eldrazi wenyewe.

Mashindano yakahamia ndani ya fungu lenyewe, na hii ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Toleo lisilo na rangi lililochezwa Atlanta lilibeba Chalice of the Void, kadi inayoweza kubatilisha kila kadi ya mana moja. Silaha nzuri dhidi ya watu wenye Lightning Bolt na Path to Exile, lakini mbele ya Eldrazi mwenzako ni kipande cha chuma tu. Timu ya Tao ilichanganya bluu na nyekundu, ikapata Eldrazi wanaoruka na wanaowaongezea wenzao nguvu. Ikawa bora katika mapambano ya ndugu kwa ndugu. Wiki chache baadaye toleo la nyeupe na bluu, likiwa na Eldrazi Displacer, likawapita wote. Kutoka nje ungeona utofauti wa rangi. Ukizihesabu ardhi, nane zilezile zilikuwa ndani ya kila toleo.

Wapo waliosema kosa lilikuwa kupigwa marufuku kwa kadi ya Splinter Twin mwezi Januari, wiki chache kabla ya Pro Tour, kwa kuwa fungu lililojengwa juu yake, la kushinda zamu ya nne, ndilo lililokuwa likiwazuia wengine wasijisahau. Sikubaliani nao. Twin ilihitaji kadi mbili mahususi na mana nne. Thought-Knot Seer wa zamu ya pili angeing'oa mojawapo mkononi kabla haijanusa meza.

Tarehe 4 Aprili 2016 Wizards walitangaza kuipiga marufuku Eye of Ugin. Viumbe wote walibaki, na Eldrazi Temple ilibaki. Kuna waliodhani ni huruma iliyopitiliza, lakini rudi kwenye hesabu: nane zimekuwa nne, asilimia 65 imekuwa 40, na zawadi ya viumbe wa bure imekwisha. Eldrazi waliendelea kuchezwa kwa miaka kama fungu la heshima linaloshindika. Wizards nawalaumu kwa miezi miwili ya kusubiri, si kwa kadi waliyoichagua.

Juni 2024 toleo la Modern Horizons 3 lilileta Ugin's Labyrinth, ardhi nyingine inayoweza kutoa mana mbili, na Eldrazi wakarudi mezani wakiwa na ardhi nane za kasi kwa mara nyingine. Tofauti ni kwamba Labyrinth hutoa mana ya pili iwapo tu umetenga kutoka mkononi kadi isiyo na rangi yenye gharama ya mana saba au zaidi, yaani unailipia. Mwezi Desemba mwaka huohuo Splinter Twin ilifunguliwa. Eye of Ugin iliachwa kwenye orodha ya marufuku, na kwa maoni yangu ikae hukohuko.