Kibwana: Mwanaharakati aliyejaribiwa na mamlaka

Profesa Kivutha Kibwana alipoapishwa kuwa gavana wa kwanza wa Makueni mwaka wa 2013, swali moja lilimsubiri: je, mtu aliyezoea kuikosoa serikali akiwa nje angekubali kukosolewa akiwa ndani?

Mhadhiri huyo wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipata umaarufu mwaka wa 1997 kama kinara wa Baraza Kuu la Kongamano la Kitaifa (NCEC), lililoshinikiza katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi mkuu. Mnamo Julai 7, siku ya Saba Saba, polisi walivunja mikutano ya wanamageuzi kwa nguvu, hata wakawavamia waumini ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi.

Mwamba ngoma huivutia kwake. Baadaye mwaka huo, wabunge wa Kanu na wa upinzani waliafikiana wenyewe kuhusu marekebisho machache, na mashirika ya kijamii yakaachwa nje. Katiba mpya ilisubiri hadi Agosti 27, 2010.

Kibwana mwenyewe alikuwa ameingia bungeni kupitia uchaguzi wa 2002, akawa waziri, kisha mshauri wa Rais Mwai Kibaki kuhusu masuala ya katiba.

Akiwa gavana, alianzisha mfumo wa mikutano iliyoanzia vijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti. Miradi ilisimamiwa na kamati za wakazi, na ilitarajiwa mwanakandarasi asilipwe kabla ya kamati kuridhika na kazi yake. Mnamo 2016, kaunti ilizindua mpango wa matibabu ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti.

Hata hivyo, mambo hayakuwa shwari. Mvutano kati yake na madiwani kuhusu bajeti ulilipuka Septemba 2014, watu kadhaa walipopigwa risasi na kujeruhiwa mjini Wote. Kibwana aliunga mkono ombi la wakazi la kutaka kaunti ivunjwe, ingawa hatua hiyo ingemng'oa yeye pia. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza ivunjwe, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka wa 2015.

Wapiga kura walimrejesha Kibwana mamlakani 2017. Alipowania useneta mwaka wa 2022, walimchagua Dan Maanzo. Wananchi aliowapigania wawe na sauti waliitumia kumpa kura, na pia kumnyima.

Mafunzo ya safari yake hayaishii Makueni. Katiba ya 2010 inamtaka kila gavana na kila bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mkazi wa Zombe, katika kaunti jirani ya Kitui, ana haki sawa na ya mwenzake wa Wote ya kuuliza bajeti imetumikaje. Lakini haki hiyo huwa na uzito pale tu wananchi wanapojitokeza kuidai.