Je, Wajua? Begi Moja, Joto na Baridi

Je, wajua kwamba anayeizunguka Tanzania huhitaji fulana na koti zito katika begi lilelile?

• Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Ndiyo maana Dar es Salaam watu wanatokwa jasho, ilhali karibu na kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kuna barafu.

• Juni hadi Agosti, abiria wa Makete, kwenye nyanda za juu, hupanda basi Dar alfajiri na shati jepesi, akashuka usiku kwenye baridi inayotoa moshi mdomoni. Sweta lisitupwe kwenye buti la basi. Likae begi la mkononi.

• Nguo nyepesi tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine hunasa hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo hutunza joto. Jua likichomoza, unapunguza moja.

• Pwani na kaskazini hunyesha masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba). Kusini msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili.

• Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mbugani vaa kaki.

• Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Kwa hiyo viatu vyenye tope vifunge kwa kanga kuukuu.