Ngano za Wagusii na Hekaya za Wayunani

Aghalabu, litajwapo jina la Kisii au la Nyamira mbele ya wageni, jambo la kwanza kuwatoka vinywani ni uchawi. Na yule ajionaye kuwa amewazidi wenziwe kwa elimu huongeza kwamba Wayunani wa kale waliwaachia wana wao hekaya zilizojaa hekima na ibra, ila sisi Wagusii tuliachiwa hofu tu, hofu ya usiku na hofu ya jirani. Tuhuma hii ni nzito, na uzito wake huzidi nikiona vijana wetu waliosoma wanaanza kuiitikia, wakajua majina ya miungu ya mlima Olimpo kuliko wajuavyo ngano walizolalia na kuamkia bibi zao. Nimeazimia kuijibu kwa kuziweka ngano zetu kando ya zile za Wayunani, msomaji apime mwenyewe.

Si kila jambo la Ugusii litapata nafasi hapa. Mahari yamekwisha elezwa na wengi, tangu Philip Mayer alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1950; na tohara ya wasichana, iliyoharamishwa na sheria mwaka 2011, naiacha iende zake bila ya chozi. Ninalolililia ni emegano, ngano za jioni.

Ngano hazikusimuliwa mchana. Wakati wake ulikuwa baada ya ng'ombe kufungiwa na ugali wa wimbi kuliwa, na mahali pake palikuwa nyumba ya magokoro, bibi mzaa baba, ambako wajukuu walikwenda kulala. Bibi yangu alipofika pale ambapo zimwi, rinani, linafumbua kinywa mlangoni mwa nyumba ya mama aliyekwenda kuteka maji, alikuwa na desturi ya kunyamaza, akaisogeza kuni ndani ya mafiga kwa ncha ya mguu wake, akaitazama ikishika, nasi tulio juu ya ngozi tukisogeleana hata magoti yetu yakagusana; kisha huanza kuimba kwa sauti nzito ya zimwi lile, wala asiendelee mpaka tumemwitikia sote, na mmoja asipoitikia huanza upya, kwa kuwa asiyeitikia amekwisha lala, na ngano haisimuliwi kwa wafu wala kwa waliolala.

Katika ngano iliyoenea kwa watu wengi wa Kibantu katika Afrika ya Mashariki, nasi tuliisikia mekoni mle, zimwi humeza kijiji kizima, watu na ng'ombe na mbuzi, akasalia mama mmoja aliyejificha na mwanawe. Mtoto hukua, hulitafuta zimwi, hulichoma mkuki. Nalo likiwa katika kukata roho humwambia alikate kidole, na kidole kikikatwa hutoka humo watu wote wazima, na mifugo yao nyuma yao. Msomaji wa hekaya za Kiyunani atamkumbuka hapa Kronos, aliyewameza wanawe mmoja baada ya mmoja, Hestia na Demeter na Hera na Hades na Poseidon, mpaka mkewe Rhea alipomhadaa kwa jiwe lililovikwa nguo za kitoto, akamficha Zeus katika kisiwa cha Krete, naye alipokua akamtapisha baba yake ndugu zake wote. Mama aliyeficha, mtoto aliyefichwa, tumbo lililorudisha vilivyomezwa: hayo yote ni mamoja. Lakini mafundisho ni mbali mbali. Kronos ni baba mzazi, anameza kwa kuchelea ufalme wake usije ukanyakuliwa, na kutoka kwa watoto wale kunafuatiwa na vita na kiti kipya cha enzi. Zimwi letu ni mgeni, halina nasaba na yeyote kijijini, na kijana alipokwisha kuliua hakutawazwa. Waliotoka tumboni walirudi kila mtu nyumbani kwake. Ukiwaondoa Wagetutu, waliokuwa na omogambi wao, yaani mtawala, Wagusii hawakujua mtawala mmoja juu ya koo zao, na ngano yao haikuwa na haja ya kumpa mkombozi zaidi ya shukrani. Nani atasema kwamba funzo hili ni duni kuliko lile la Krete?

Tena, kumezwa na kutapikwa hakukubaki katika ngano za watoto. Mwaka 1913 Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwa, Mumbo, amemmeza kisha akamtapika hai, akamtuma awaambie watu kwamba Wazungu wataondoka. Habari ile iliingia Ugusii, ikakuta nchi ambayo mwaka 1908 Otenyo alikuwa amemchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, kwa kuhimizwa na Moraa, mwanamke mwenye maono. Ikakuta pia wasia wa Sakawa, mwaguzi aliyetabiri kuja kwa wageni hao kabla hawajaonekana. Mwezi wa Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii kisha wote wakauacha mji, waumini wa Mumbo waliona utabiri umetimia. Serikali iliita mambo hayo wazimu, ikawakamata viongozi, na katika miaka ya 1920 baadhi yao wakahamishwa mpaka Lamu. Mabwana wale wale walifundisha watoto wao habari ya Nabii Yunus katika tumbo la samaki, na habari ya Kassandra wa Troia aliyesema kweli asisadikiwe, wala hawakuona wazimu ndani yake.

Nije sasa kwenye chinsoni, ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha maadili yetu. Chinsoni ni ile haya iliyo baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata: baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa; baba na mwana hawaogi pamoja; na mambo ya mwili hayatajwi mbele ya mzazi, hata kwa fumbo. Nimewaona wazee walioitwa kwenye jambo la dharura nyumbani kwa mtoto wao, mvua inanyesha, wakasimama chini ya upenu wa nyumba na maji yakiwachuruzika mabegani, mkaza mwana akiwapa kigoda kwa mkono ulionyoshwa kupita mlangoni huku uso wake ukitazama pembeni, nao wakazungumza na mwana wao kutoka hapo nje mpaka shauri likaisha. Mgeni aonaye hayo husema ni ukatili, au ni baridi ya mapenzi. Mpe mgeni huyo kisa cha Oedipus wa Thebes, aliyemwua baba yake njiani asimjue, akamwoa mama yake asimjue, hata ilipodhihiri akajitoboa macho, naye atalia na kusema kwamba hii ni hekima kubwa ya wanadamu. Wayunani waliuonyesha msiba ule baada ya kutukia. Chinsoni iliujengea ua kabla haujafika, na mzee anayelowa mvuani anaulinda ua huo kwa mwili wake. Wala si chinsoni peke yake: mke aliyekwenda kinyume na ndoa alijua kwamba akimkaribia mumewe aliye mgonjwa, amasangia, balaa la uzinzi huo, itamwua mume, na hofu hiyo iliwarudisha wengi katika kuungama kabla ya maafa.

Na kwa kuwa haya imewafunga wazazi, nani atamfundisha mtoto yale yasiyotajika? Jawabu ni bibi na babu. Baina ya mjukuu na bibi hakuna chinsoni. Huko kuna mzaha na maneno ya wazi, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu humcheka bibi meno yake yaliyong'oka. Ndiyo maana ngano zilikaa katika nyumba ya magokoro, wala si katika nyumba ya mama. Bibi alikuwa mwalimu wa pekee wa nusu nzima ya maisha ambayo wazazi walikatazwa kuifundisha, na anayemwondoa huyo hajamwondoa msimulizi tu.

Habari ya wafu nitaipita upesi, maana inajulikana. Sophocles aliwaonyesha watu wa Athens binti Antigone akikubali kufa kuliko kumwacha ndugu yake bila ya kaburi. Mgusii aliyechanga fedha ili maiti ya binamu yake iletwe kutoka Mombasa, azikwe ndani ya boma la baba zake, mwanamume upande wa kuume wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto, hahitaji kufasiriwa kisa hicho. Ebirecha, roho za waliotangulia, hawagombani kwa wivu wala hawawatongozi wanadamu kama ilivyo tabia ya Zeus. Wanataka wakumbukwe, na wanakasirika wakisahauliwa.

Iko ngano nyingine ambayo pia si yetu peke yetu. Msichana akiwa njiani hukutana na ajuza mwenye vidonda, anukaye, naye ajuza humwomba amwoshe. Msichana humwosha, akapewa mali na siri ya njia. Mwenziwe afuataye hutema mate, akapita, naye hupotea. Wayunani nao walisimulia jinsi Demeter, mungu wa nafaka, alipompoteza binti yake Persephone, alivyojigeuza kikongwe akaketi karibu na kisima pale Eleusis, na mabinti wa mfalme Keleos wakamwona, wakamsemesha kwa taadhima, wakamchukua nyumbani kwao wasijue ni nani. Mataifa mawili yasiyopata kuonana yalikubaliana katika neno hili, kwamba kikongwe aliye peke yake akutwapo, anayepimwa adabu ni kijana.

Mwezi wa Mei 2008, watu 11 walichomwa moto katika Kisii kwa tuhuma ya uchawi, wengi wao wanawake waliokula chumvi nyingi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sitaki kumdanganya msomaji: imani katika omorogi, mchawi, ni ya zamani kwetu, na zamani mshukiwa hakuachwa salama siku zote. Lakini palikuwa na omoragori wa kupiga bao, palikuwa na emuma, kiapo cha kutisha, na palikuwa na wazee wa kusikiliza pande mbili. Kundi la vijana wenye petroli usiku si mila ya mtu. Kaunti ya Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860 mwaka 2019, zaidi ya 950 katika kilomita moja ya mraba. Shamba lililokuwa la babu limegawanywa hata likawa mistari ya majani chai na migomba, na ajuza mjane anayeshikilia mstari wake amekuwa kizuizi kwa wenye kuutaka. Nyumba ya magokoro haina tena mahali pa kujengwa. Wajukuu wako katika shule za bweni, au wako Nairobi, na wakirudi Disemba hawamjui yule mwanamke wa peke yake aketiye mlangoni. Hawajapata kulala juu ya ngozi yake, wala hajapata kuwaimbia kwa sauti ya zimwi. Aliyekuwa akiwafundisha kulitambua rinani sasa wanaambiwa kwamba ni yeye.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba mauaji haya ndiyo urithi wa Wagusii, nawaomba watuletee ngano yetu moja, moja tu, ambamo kijana amesifiwa kwa kumtia moto bibi yake.