Mcheza Kwao Asiyetunzwa: Habari za Papwa Sewgolum wa Natal



Wazee walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Ngoma ya lizombe ikipigwa hapa Songea, mchezaji hodari hutunzwa papo hapo, mbele ya macho ya watu wote, wala hapana aulizaye kwanza babu yake alitoka wapi. Lakini mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu aliyecheza kwao, akawashinda wote, kisha akapewa tuzo yake nje, mvuani, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia katika nyumba ya wenye uwanja.

Jina lake ni Sewsunker Sewgolum, na watu walimwita Papwa. Alikuwa mtu wa Durban katika Natal, Afrika ya Kusini. Nchi ile si ngeni kabisa kwetu, maana ni katika pande zile walikotoka wazee wa Wangoni, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 pamoja na Zwangendaba, na baada ya miaka mingi ya safari watu wao wakafika huku kwetu.

Mchezo wenyewe

Kazi ya Papwa ilikuwa kucheza gofu. Yafaa kwanza tueleze mchezo huo, maana wengi hawajauona. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, uzito wake hauzidi gramu 46, na fimbo kadha wa kadha zenye vichwa vya chuma, na zamani vya mti pia. Huupiga mpira toka mahali palipowekwa, mpaka uingie katika shimo dogo ambalo upana wake ni milimita 108 tu, yaani kiasi cha kiganja cha mtu. Shimo laweza kuwa mbali, mwendo wa mita 400 au hata 500, na njiani kuna miti, mchanga na maji. Mashimo ni 18. Ayamalizaye yote kwa mapigo machache kupita wenzake ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchezwa siku nne, jumla mashimo 72.

Tena ni mchezo wa uaminifu. Hapana mwamuzi amfuataye kila mchezaji nyuma kama katika mpira wa miguu. Mtu akikosea peke yake msituni, pasipo wa kumwona, desturi ni kwamba aseme mwenyewe, na hesabu yake iongezwe. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Utoto wa Papwa

Mwaka 1860 meli ya kwanza ya Wahindi ilifika Durban, nao wakawekwa kazini katika mashamba ya miwa kwa mapatano ya miaka. Papwa alikuwa wa uzao wa watu hao. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika nyumba maskini, wala hakupata elimu ya shule. Akawa mtu mzima asiyejua kusoma wala kuandika.

Alipokuwa mtoto alikwenda katika uwanja wa gofu wa Beachwood, karibu na bahari, akafanya kazi ya uchukuzi. Wachezaji Wazungu walitembea mbele, naye akafuata na mfuko wa fimbo begani. Hivyo alikuwa na ruhusa ya kuzibeba fimbo, bali kucheza kama wenye uwanja hakuruhusiwa. Lakini macho hayafungwi kwa sheria. Papwa alitazama jinsi wakubwa walivyopiga, kisha akajifundisha mwenyewe.

Na kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alijifundisha kwa namna yake. Mtu anayetumia mkono wa kulia huishika fimbo ya gofu kwa mkono wa kushoto juu, na wa kulia chini yake. Papwa alifanya kinyume: wa kulia juu, wa kushoto chini. Msomaji, ukitaka kujua ugumu wake, shika mpini wa shoka kwa mikono miwili kama ulivyozoea, kisha ubadilishe mikono, ujaribu kukata kuni. Kila aliyejua mchezo alishangaa, maana vitabu vyote vilisema kwamba haiwezekani kupiga vema hivyo. Lakini mpira wa Papwa ulikwenda pale alipotaka uende.

Safari ya Ulaya

Palikuwa na Mzungu mmoja wa Durban, jina lake Graham Wulff, mwenye kutengeneza mafuta ya uso yaliyojulikana kama Oil of Olay. Alimwona Papwa akicheza, akakiona kipawa chake, akampa kazi katika kiwanda chake. Kisha mwaka 1959 akamsaidia kufika Ulaya, ili ashindane na wachezaji waliofanya gofu kuwa kazi yao.

Mwaka ule ule yule mchukuzi wa mifuko akashinda mashindano ya taifa ya Uholanzi. Mwaka 1960 akarudi, akashinda tena. Na mwaka 1964 akashinda mara ya tatu. Huko ugenini hapana aliyemzuia mlangoni.

Mvua ya Durban

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikuwa imewatenga watu kwa rangi zao, kila kundi na mahali pake pa kukaa, pa kusoma na hata pa kucheza. Walakini mwaka 1963 Papwa alipata ruhusa ya kuingia mashindano ya Natal katika uwanja wa Durban Country Club, pamoja na Wazungu. Siku zilipotimia, mapigo yakahesabiwa, naye akawa mshindi.

Ndipo palipotokea jambo tulilolitaja mwanzo. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nyumba ya chama ilikuwa na nafasi, lakini ilikuwa nyumba ya Wazungu, na mshindi hakuruhusiwa kukanyaga ndani. Basi akapokea kikombe chake nje, mvuani. Picha yake ilichapwa katika magazeti ya nchi nyingi, na watu wengi waliielewa sheria ile kwa picha hiyo kuliko kwa hotuba.

Hakukata tamaa. Mwaka 1965 akashinda mashindano yale ya Natal mara ya pili, na safari hii akampita Gary Player, mmoja wa wachezaji wakuu wa dunia, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa Marekani. Hapo wakubwa wa serikali wakaona kwamba jambo limezidi. Papwa akakatazwa kuingia mashindano ya Wazungu, akanyang'anywa na pasi ya kusafiria. Hivyo kazi yake ikakatwa kama mti unaozaa, angali na nguvu zake zote. Akarudi katika umaskini, na mwaka 1978 akafa kwa ugonjwa wa moyo, kabla hajatimiza miaka hamsini.

Yaliyofuata

Kisa chake hakikuzikwa pamoja naye. Kilikuwa moja ya sababu zilizowafanya watu wa nchi nyingine wakatae kucheza na Afrika ya Kusini. Mwaka 1970 nchi ile ikatolewa katika chama cha michezo ya Olimpiki. Sisi Watanzania nasi tulilipa sehemu yetu: mwaka 1976 nchi yetu na nyingine nyingi za Afrika zilikataa kucheza Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika ya Kusini. Hata Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, hakukimbia. Mwaka 1994 watu wote wa Afrika ya Kusini wakapiga kura pamoja. Na Durban kuna uwanja wa gofu ulioitwa kwa jina la Papwa Sewgolum.

Wazazi na walimu, katika habari hizi mna neno la kwetu. Mtoto akishika kalamu kwa mkono wa kushoto, au akifanya hesabu kwa njia tusiyomfundisha, tusifanye haraka kumpiga. Tungoje kwanza tuone jibu lake. Tena tusimwache mtoto mwenye kipawa bila kusoma. Maana sheria zilizomfunga Papwa ziliandikwa, naye hakuweza kuzisoma.

Na wale waliokaa ndani siku ile ya mvua, tusiwahukumu kwa kicheko tu. Walicheza mchezo wa uaminifu, wakahesabu kila pigo kwa haki, wasiibe hata moja. Kisha walipofika mlangoni wakaisahau haki. Nasi pia twaweza kuwa waangalifu katika mambo madogo, na huku tumemwacha mtu nje aliyestahili kukaribishwa. Jioni hii, mkiisha kusoma habari hizi pamoja, ulizaneni nyumbani mwenu kama yuko mtu wa namna hiyo.